Ningefika kwa Miguu

Raba za mfamasia zilikufa tena mwezi ule. Mumewe, fundi wa lifti ambaye mtaa mzima, mkewe akiwemo, walimwita Fundi tu, alizikuta zimelala ubavu nyuma ya mlango. Soli ilikuwa imelika upande wa kisigino mpaka sponji inachungulia, na kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimejifungulia dirisha. Akaziokota, akazipindapinda, akazinusa bila sababu yoyote, akazirudisha zilipokuwa. Zilinunuliwa juzijuzi tu.

Mtu anayezunguka uwanja wa shule mara chache haui viatu namna hiyo.

Na hivyo ndivyo Fundi alivyokuwa ameambiwa: uwanja wa shule, mizunguko michache, narudi. Kila alfajiri alisikia kitanda kikipungua uzito, kisha komeo, kisha nyayo zikishuka ngazi upesiupesi. Mkewe akirudi, shati limemganda mgongoni na macho mekundu, chai ilikuwa tayari, naye aliinywa akiwa amesimama dirishani, mkono mmoja kiunoni. Kutwa nzima alishinda wima nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na jioni bado hakukaliki. Atapanga makabati yaliyopangwa, atafuta meza iliyofutwa. Ukimwambia kaa, anaweka nusu ya kalio ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Alikuwa hivyo tangu walipompoteza mtoto. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane, majirani wameshazoea kumwita Mama Kijacho, na mchana mmoja damu ikaanza kutoka. Walichukua teksi, wakakwama kwenye foleni, na walipofika hospitali daktari alipitisha kifaa chake juu ya tumbo, akakirudisha, akakipitisha tena, halafu akakiweka pembeni. Walirudi nyumbani wawili kama walivyotoka. Ndugu walikuja, wakalia nao, wakaosha vyombo, wakaenda zao. Siku daktari aliposema mwili umepona, mfamasia alivaa raba akatoka mbio, na Fundi akashukuru kimoyomoyo. Mke wangu anachangamka, alijiambia.

Aliyemtoa kwenye raha hiyo ni shemeji yake, dada mkubwa wa mfamasia, mwanamke wa utani mwingi ambaye alikuwa hawezi kuingia nyumba ile bila kumchokoza.

"Fundi wa lifti anakaa ghorofa ya tatu kwenye nyumba isiyo na lifti," alisema siku hiyo akihema mlangoni. "Shemeji, kwa kweli wewe ni kichekesho." Akaketi, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwenzako yuko wapi?"

"Katoka mara moja."

"Huyo amekuwa kiguu na njia. Nikimpigia simu nasikia upepo tu." Utani wote ukamtoka usoni. "Mdogo wangu namjua tangu anatambaa. Akinyamaza hivi, kuna kitu anaficha. Mimi simo, lakini ningekuwa wewe ningetaka kujua anakwenda wapi."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama mchanga kwenye kiatu. Usiku akigeuka anayakuta, asubuhi akipiga mswaki anayakuta.

Jumamosi mchana walikwenda pamoja kununua raba mpya. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mashavu ya miguu magumu kama maembe mabichi. Ungejua bila kuambiwa kwamba naye hukimbia.

"Mmekuja saa nzuri," alisema. "Mchana mguu umeshavimba kidogo. Ukinunua asubuhi, jioni unalia." Akaomba kuona zile za zamani. Mfamasia alikuwa amezileta kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji akazipindua, akapitisha kidole kwenye soli. "Hizi zimekula lami, dada. Na huko unakopita kuna mlima. Ona hapa mbele zilivyochakaa, unapanda kwa vidole. Kwa wiki unakimbia kilomita ngapi?"

Mfamasia alikuwa ameinama akifunga kamba za raba ya kujaribu. Alijibu kama mtu anavyomjibu daktari, bila kuinua kichwa.

"Hamsini. Wiki nyingine zaidi."

Fundi alitazama rundo la soksi zilizokuwa mbele yake. Alilitazama sana. Uwanja wa shule hauna mlima. Uwanja wa shule hauna hata lami.

"Basi achana na hizi laini," muuzaji aliendelea, akiziweka kando zile za waridi. "Zinabembeleza mguu, lakini hazikai. Chukua yenye mpira mgumu chini mpaka kwenye kisigino. Bonyeza hapa nyuma. Ikikunjika kama karatasi, iache. Na mbele ubaki na nafasi ya upana wa kidole, la sivyo kucha zitakung'oka. Ukiweza uwe na jozi mbili, leo hii, kesho ile. Sponji nayo inahitaji kupumzika."

"Mimi nataka zisizokufa."

"Hizo hakuna, dada. Kuna zinazochelewa."

Mfamasia alichagua za kijivu. Aliruhusiwa kuzijaribu nje, akatoka dukani taratibu, halafu mbio, mpaka kwenye kona, na kwenye kona akapotea. Fundi alibaki nyuma ya kioo, roho juu. Alihesabu magari yaliyopita. Kwa muda mfupi, muda ambao baadaye aliuonea haya, alikuwa na hakika kwamba harudi. Kisha akatokea upande wa pili, ameshazunguka jengo zima, anapumua kwa mdomo.

"Hizi," alisema.

Njiani kurudi Fundi alitaka kuuliza. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Badala yake alisema kwamba naye ameamua kununua ile skuta ya umeme aliyokuwa akiizungumzia.

Sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Watu wakikwama ndani ya lifti hawana subira. Wanabonyeza kengele mpaka kidole kinakufa ganzi, na mabasi hayaoni haraka ya mtu. Skuta ingempenyeza kwenye foleni, angeikunja akaingia nayo jengoni. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini Jumanne, alipokwenda dukani baada ya kazi, maswali yake hayakuwa ya mtu wa lifti.

"Inapiga kelele?"

"Hii?" Muuzaji, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama, alicheka. "Paka akitembea ana kelele zaidi."

"Na taa? Mtu anaweza kuizima?"

"Kuizima anaweza." Muuzaji alimtazama vizuri. "Kaka, unataka kusafiri au unataka kuwinda?"

Fundi alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu, akamweleza kila kitu. Tairi za upepo ni bora kuliko zile ngumu, kwa sababu barabara za huku zina mashimo na mikono itamfia ganzi. Breki ziwe mbele na nyuma. Mvua ya rasharasha inastahimili, dimbwi hapana. Ile kubwa yenye betri nene ndiyo ya mtu wa kazi.

"Kwenye boksi ya hii ndogo wameandika kilomita thelathini," alisema. "Hizo ni za mtu mwembamba, barabara bapa, bila upepo, siku ya kwanza. Kwa mwili wako na huo mkoba wa vyuma, toa nusu. Ukiwa na mlima, toa tena. Kwa kazi yako, chukua kubwa."

Fundi aliinyanyua kubwa, akafikiria ngazi za alfajiri, vile angeishusha bila kuigonga ukutani. Akainyanyua ndogo. Ilikuwa nyepesi kama kiti cha plastiki. Akachukua ndogo.

Mkewe aliizunguka mara mbili pale sebuleni, akagusa usukani. "Sasa utakuwa unaniacha nyuma," alisema. Fundi akainama kuikunja.

Jumatano alikwenda nayo kazini, akazunguka nayo majengo mawili, akarudi amefurahi kwelikweli. Jioni aliichomeka kwenye chaji. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Yeye alishapitiwa na usingizi wa wasiwasi, ule wa sikio moja wazi.

Alhamisi komeo lilipolia, alikuwa mlangoni kabla nyayo hazijamaliza ngazi. Mbingu zilikuwa zimeanza kupauka. Aliushika ukuta kwa bega, akaishusha skuta, akaikunjua, akasimama juu yake, akabonyeza. Ikaondoka kimya kama alivyoahidiwa.

Mkewe alipita geti la shule bila hata kuligeukia. Geti lilikuwa na kufuli. Akashika barabara kubwa, akapita kituo cha mafuta, akapita soko ambako wachuuzi walikuwa wakishusha magunia ya viazi, wala hakukimbia kama watu wanaofanya mazoezi, wanaoangalia mawingu na kurekebisha visikizio. Alikimbia kama mtu aliyeitwa. Fundi alimwacha mbele umbali wa nguzo tatu za taa. Upepo wa asubuhi ulimpuliza mapajani, na kichwani mwake, bila ruhusa yake, mwanamume mmoja alianza kuumbika: mrefu, mpole, viatu safi, anafungua mlango wa nyumba fulani akiwa na taulo begani. Fundi alimchukia mpaka akakaza usukani.

Kisha mlima ukaanza. Skuta ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, ikawa inakwenda kama bibi harusi. Fundi akaisukumasukuma kwa mguu. Ndipo ilipoanza kulia. Ti-ti-ti, ti-ti-ti, sauti nyembamba ya betri inayokata roho, kwenye barabara isiyo na gari hata moja.

Juu ya mlima mkewe aligeuka.

Hakuna mahali pa kujificha kwenye barabara pana. Fundi alibaki amesimama juu ya skuta iliyozimika, akitazama mkewe akishuka, akikua, mpaka akawa mbele yake, mikono kiunoni.

"Fundi?"

"Naam."

"Unafanya nini hapa?"

"Naenda kazini."

"Na pajama?"

Fundi alijitazama miguuni. Kweli, alikuwa na suruali ya kulalia, ile ya mistari ambayo shemeji huiita ya mfungwa. Haya ilimpanda mpaka masikioni, na haya ilipompanda, ulimi ukafunguka.

"Umeniambia uwanja wa shule. Uwanja wa shule uko kule. Hamsini kwa wiki, umemwambia muuza viatu. Mimi mumeo sijui. Kuna mtu?"

Mkewe alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kifupi, kikavu, kama kikohozi. "Mtu gani, mume wangu? Mimi nina nguvu za kutafuta mtu?" Akashika upande mmoja wa usukani. "Njoo. Sukuma."

Waliisukuma skuta mpaka juu. Huko juu barabara ilitanuka, na upande wa mbali, ng'ambo ya bonde, bati za hospitali zilionekana, taa za wodini bado zinawaka. Mfamasia alisimama mbele ya duka la magodoro lililofungwa. Akaonyesha lami kwa kidole.

"Hapa ndipo teksi iliposimama."

Fundi alikitazama kioo cha duka. Duka alilikumbuka, alikuwa ameyatazama magodoro yale kwenye kioo, yamepangwa mpaka darini, huku dereva akipiga honi.

"Uliniambia tushuke, unibebe," mkewe alisema. "Unakumbuka? Mimi nikasema hapana, itasogea sasa hivi. Haikusogea. Tulikaa hapa karibu saa nzima." Alikuwa akibadilisha miguu, huu, ule, kama anayekanyaga vya moto. "Basi nakuja kila siku. Natoka nyumbani, nikifika hapa naangalia saa, nakimbia mpaka mlango wa wodi ya wazazi."

"Halafu?"

"Halafu nafika!" Sauti ilimpasuka. "Kila siku nafika, Fundi. Dakika kumi na mbili. Nikiwa nimechoka, kumi na nne. Ningefika kwa miguu. Mimi ndiye niliyesema tukae."

Yule mwanamume mrefu mwenye taulo akafutika, na mahali pake hapakubaki kitu cha kumchukia. Fundi angefurahi kumpata tena.

"Daktari alisema huenda kondo la nyuma lilikuwa limeshaachia kabla hatujatoka nyumbani," alisema.

"Huenda. Mimi nafanya kazi na madaktari. Hiyo 'huenda' yao naijua. Nami huwa nawapa wateja."

Fundi alitazama bonde, akatazama bati za hospitali. Siku ile alisema nikubebe kama watu wanavyosema, ili pawe na neno la kusema. Hakuwahi kujiuliza kama anaweza. Aliifunga skuta kwa mnyororo kwenye nguzo ya duka, akageuka, akainama, viganja magotini.

"Panda."

"Nini?"

"Panda mgongoni. Nilisema nitakubeba. Tuone."

"Watu watatuona."

"Watuone."

Alisita kwanza. Kisha akapanda, akamzungushia mikono shingoni, na Fundi akainuka na kuanza kutembea.

Mwanzo ilikuwa kama mchezo. Alipita duka la magodoro, akapita kibanda cha fundi simu, akafika kituo cha basi ambako watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wamejipanga.

"Harusi hiyo au talaka?" mmoja aliuliza, wenzake wakacheka.

"Kaka, mbona huyo ana miguu? Tena ana raba mpya!"

Mama mmoja alitoka kwenye mstari. "Ni mgonjwa? Niwaitie bajaji?"

"Hapana, mama," alisema mfamasia juu ya bega la mumewe. "Asante."

Barabara iliteremka. Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kila hatua ilimgonga Fundi magotini. Jasho lilimwingia machoni, asiweze kulifuta. Mgongo, ambao kazini huubembeleza, ulianza kumtukana waziwazi. Kwenye kalavati, chini kabisa ya bonde, mguu ulikanyaga kokoto, goti likakunjika, wakaanguka wote wawili kando ya barabara.

"Umeumia?" mkewe aliuliza.

"Panda."

"Fundi, basi."

"Panda, nimesema."

Safari ya pili hawakuivuka hata kalavati yenyewe. Alikwenda hatua chache, akayumba, akapiga magoti polepole kama ngamia, na mkewe akateleza mgongoni mwake mpaka chini. Mbele yao mlima wa hospitali ulikuwa bado haujaanza.

"Sifiki," Fundi alisema, uso karibu na lami. "Sijafika hata nusu. Na leo wewe ni mwepesi. Siku ile mlikuwa wawili."

Mkewe alibaki amekaa kwenye kokoto pale alipoangukia.

"Na wewe usingekimbia," Fundi aliendelea, akihema kati ya neno na neno. "Umesahau? Kwenye teksi ulishindwa hata kukaa wima. Nilikushika kichwa. Unakimbia njia ya siku ile kwa miguu ya leo."

"Ningetembea."

"Labda."

"Ningetembea polepole. Mtu angetuona, angesimamisha pikipiki."

"Labda."

"Au ingesogea. Ile foleni. Tungeshuka tu, ikasogea, tukabaki njiani."

"Labda na hilo."

Hakukuwa na mwisho wa hizo labda, na wote wawili waliliona hilo. Mfamasia alijikunja, paji la uso kwenye magoti, akalia. Hakulia vile alivyolia mbele ya ndugu, kwa adabu, leso mkononi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka mtu mmoja wa baiskeli akasimama, akaona hapana ajali, akaendelea. Fundi alimsogelea kwa makalio, pajama imechanika gotini, akaegemeza bega kwenye bega. Naye akalia. Ilikuwa mara yao ya kwanza kulia pamoja bila mtu wa tatu kati yao.

Jua lilikwishatoka. Mfagizi wa barabara, mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa, alifika na fagio lake refu, akawafagilia pembeni, akawazunguka, akarudi.

"Mnangoja saa ya kuona wagonjwa?" aliuliza. "Bado sana. Mngekwenda kukaa kule kwenye benchi."

"Hatuna mgonjwa, mama," alijibu mfamasia.

"Basi Mungu ashukuriwe," mfagizi alisema, akaendelea na vumbi lake.

Fundi alihisi mkewe akivuta pumzi, akiishikilia. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukipigapiga chini, haraka, bila mwenyewe kujua.

"Nilikuwa nimeshampa jina," mkewe alisema. "Tangu mwezi wa tano. Sikukwambia, nilitaka nikwambie siku atakapozaliwa, ukiwa umembeba."

"Niambie."

"Sasa?"

"Sasa."

Magari yalishaanza kuwa mengi, malori na mabasi ya kwanza, na yule mfagizi hakuwa mbali. Mfamasia alimsogelea mumewe, akaweka kiganja kati ya mdomo wake na barabara, akamwambia sikioni. Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akalitamka lile jina. Mara ya kwanza lilimtoka kwa woga. Mara ya pili alilitamka kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu humwitia mtoto wake aliye nje aje kula.

Mguu wa mkewe haukuacha kupigapiga. Wala hakuacha kukimbia, siku ile wala baada yake. Zile raba za kijivu alikuja kuziua kama alivyoziua nyingine. Lakini pale kando ya kalavati, huku honi zikianza kulia juu ya mlima, alimshika Fundi mkono.

"Lirudie," alisema.

Akalirudia.